Nipa ya Kusafishia Gemu

Fundi alikuwa hafungui kitu mpaka asikie maneno. Umpelekee redio, umpelekee pasi, umpelekee gemu, atakiweka mezani, atakifunika kitambaa kama maiti, halafu atakuuliza:

"Nani alikuwepo?"

"Alikuwepo wapi, Fundi?"

"Ilipokata roho."

Ukimwambia ulikuwa peke yako anakutazama tu, hajibu, mpaka wewe mwenyewe unakumbuka kwamba shemeji yako naye alikuwepo. Basi nenda kamlete. Ukirudi na shemeji anauliza nani mwingine. Nimeona watu wamekuja pale na redio ya betri mbili na ukoo mzima nyuma, hadi bibi wa kushikwa mkono, kila mmoja anaapa hakuigusa.

Kule kwetu Newala mtu akiumwa muda mrefu haponi, ndugu wanakaa chini na kila mmoja anatoa la moyoni. Mimi nilimnunia. Mimi nilimsema vibaya kisimani. Watu wakishatema yao, mgonjwa anaanza kupumua. Fundi aliichukua desturi hiyo akaipeleka kwenye redio na gemu. Tulimcheka sana, mimi nikiwa mstari wa mbele, kwa sababu kucheka ndo somo pekee nililofaulu bila kurudia. Shule niliishia kidato cha pili. Mwalimu aliniambia nikapumzike nyumbani kidogo, na mpaka leo napumzika.

Habari za kwao na za babu zake sizijui, na sitajifanya nazijua. Ninachojua alikuja kwetu kwa kuoa. Alikuwa Mmakua wa Masasi, kule bondeni, na sisi Wamakonde tuko juu, kwa hiyo siku ya kwanza tu tulishaanza kutaniana. Mimi nikamwita mtu wa shimoni. Yeye akanijibu: "Afadhali shimoni kuna maji. Nyie huku juu mnaoga kwa zamu, ukoo kwa ukoo. Zamu yenu lini? Maana naona bado." Na kweli siku ile nilikuwa sijaoga. Nikanusa kwapa langu mbele za watu, nikakubali nimefungwa bao moja.

Huku kwetu mwanaume ndo anahamia kwa mke. Nyumba ni ya mke, mikorosho ni ya ukoo wa mke, na sauti ya mwisho ni ya mjomba wa mke. Mume ni kama pedi ya gemu: anafanya kazi vizuri sana, lakini anachomoleka. Fundi alishachomolewa mara moja, na hilo lazima niliseme mapema, kwa sababu mengine yote yanakaa juu yake.

Zamani alikunywa, na hili sikusimuliwa, nililiona. Alikuwa anafungua redio za watu halafu hazifungi, nusu ya mji ilikuwa na redio zilizo uchi. Tulimkuta mchana kweupe kalala mtaroni, bisibisi mkononi, kama mtu aliyekuwa anataka kuufungua mtaro aone una nini ndani. Mkewe, Mama Tekla, alivumilia. Mjomba wa Mama Tekla hakuvumilia. Alikuwa mzee mkavu, mrefu, ana fimbo lakini hajiegemezi, anaibeba tu. Asubuhi moja akalitoa begi la Fundi akaliweka kando ya barabara, na Fundi akaondoka nalo kwenda kwao Masasi bila kubishana.

Alikaa huko mpaka korosho za msimu mzima zikaokotwa zikaisha. Aliporudi alikuja na ndugu zake wawili na mzee wa kanisa, yeye mwenyewe mkavu, pombe imemtoka, mashavu yameingia ndani. Mjomba akawakaribisha ndani, akawasikiliza mpaka mwisho, akasema: "Nkwe, nakupokea. Kwa ajili ya mtoto. Lakini nikinusa tena harufu ile kwako, hakuna kikao. Begi lako unalijua, na barabara unaijua." Mji mzima tuliyajua maneno hayo kabla jua halijazama. Tangu siku hiyo Fundi aliishi kwa mkewe kama mtu anayebeba ndoo ya maji kichwani bila kata.

Hapo ndipo ilipoingia ruksa, serikali ikaruhusu biashara ya nje, na vitu vikaanza kupanda huku juu. Nguo za mitumba kwa marobota, redio za kaseti mbili, saa zinazolia kama jogoo, televisheni ndogo nyeusi na nyeupe. Fundi alijipatia koti la mtumba, zito, la bluu, vifungo vya shaba vina nanga. Sijui kapteni gani wa meli alilivua. Alilivaa Juni kwenye ukungu na alilivaa Novemba kwenye jua, na mifukoni lilijaa skrubu. Akitembea unasikia analia chwa chwa chwa kama mcheza ngoma. Kila kitu alichokitengeneza alikirudisha na skrubu za ziada zimefungwa kwenye karatasi. "Hizi zimebaki," anakwambia, "lakini yenyewe inafanya kazi." Kwangu nina karatasi tatu mpaka leo, na sijui ni za nini.

Na mimi ruksa ilinifikia. Nikanunua gemu. Ilikuja na basi kutoka Dar, imefungwa ndani ya blanketi kama mtoto njiti, na kaseti zake nne: vifaru, ndege, mbio za magari, na moja imeandikwa herufi za huko ilikotengenezwa, hakuna aliyewahi kujua ni ya nini, skrini inakuwa kijani na muziki unapiga. Hata hiyo watu waliicheza. Shangazi yangu akanipa chumba cha nyuma cha nyumba yake. Mbele anauza mandazi. Uani, msimu wa mabibo, matunda ya mkorosho, anauza uraka, ule wa kukamua na kuacha uchachuke siku moja, mtamu, unalewesha taratibu kama mahubiri. Katikati nikawa mimi na gemu yangu. Nikajiita mkurugenzi.

Sasa, kaseti ya gemu ina meno ya shaba. Meno hayo yakishika vumbi, picha inakuja vipande vipande, kifaru kina kichwa cha ndege, halafu inakufa kabisa. Na vumbi la Newala mnalijua, jekundu, linaingia hata kwenye yai. Sisi dawa yetu ilikuwa kupuliza. Unaitoa kaseti, unaipuliza kama firimbi, unairudisha. Fundi alipoona alishika kichwa.

"Mnapuliza nini humo?"

"Pumzi, Fundi."

"Mate. Mate yana chumvi. Mnapika mchuzi humu ndani?"

Dawa yenyewe, alisema, ni spiriti, na spiriti ilikuwepo zahanati kwa ajili ya sindano, nayo ikipatikana ni kwa machozi. Lakini kitu ambacho hakikosekani, kuanzia Mnyambe mpaka Chilangala, ni nipa, ile gongo inayopikwa kwa mabibo. Nipa ya kwanza kutoka jikoni ukiiwasha kwenye kijiko inawaka moto wa bluu. Inaondoa uchafu kwenye shaba kuliko spiriti ya serikali. Yaani dawa ya gemu ndo ileile iliyomtoa Fundi kwa mkewe na kumpeleka barabarani.

Wengine wangekataa kazi za gemu. Fundi hakukataa, maana redio zilishakuwa chache na gemu zilikuwa zinaongezeka, na mkwe asiyefanya kazi naye anachomolewa. Alikwenda akamweleza Mama Tekla. Wakapanga. Chupa ikakaa kwenye sanduku la Mama Tekla la nguo za kanisani, limefungwa kufuli, ufunguo kaufunga kwenye pindo la khanga. Kila ilipokuja kazi nilimsikia Mama Tekla akiuliza kutoka ndani:

"Baba Tekla, wangapi leo?"

"Kaseti mbili na mdomo wa gemu."

"Kizibo kimoja na nusu."

Anakuja na kizibo cha soda, kimejaa hadi ukingoni, anakitembeza kama anabeba yai. Halafu anasimama pale. Haendi. Fundi anachovya pamba iliyozungushwa kwenye njiti, anasugua jino kwa jino, amebana pumzi, na ikibaki tone Mama Tekla analimwaga chini na kulifukia kwa kisigino. Sijawahi kuona watu wawili wanasafisha kaseti kwa uchungu namna ile. Na mapenzi pia, ingawa kwetu maneno hayo hatuyasemi.

Siku moja Mama Tekla kaondoka na kizibo chake, nikamuuliza. Mimi mdomo wangu hauna mlango.

"Fundi, harufu hii haikusumbui?"

Hakuniangalia. "Wewe gemu ikizimwa, vidole vyako vinafanya nini?"

Nikatazama mikono yangu. Vidole gumba vilikuwa vinabonyeza hewa.

"Basi ndo hivyo," akasema.

Alikuwa na tabia ya kuimba akifanya kazi. Nyimbo za kanisani, sauti ya pili tu, hajui ya kwanza, kwa hiyo ukimsikiliza unahisi kuna mtu hajafika. Akinyamaza ghafla ujue kaona tatizo. Tulikuwa tunakaa nje ya kibanda chake tukisikiliza, na wimbo ukikatika tunaangaliana: tayari. Na alikuwa na misemo. "Moshi sio kosa, moshi ni taarifa." "Kitu hakiharibiwi na adui, adui hana nafasi ya kukishika." Mtu akija amekasirika kwamba redio imeharibika yenyewe tu, anamwambia: "Baba, hata mimi sikuharibika mwenyewe. Nilikuwepo."

Lakini msimdhanie malaika. Kanisani alisimama mara mbili kutoa tangazo kwamba gemu inawapoteza watoto, wazazi wawe macho. Jumatatu yake yuko kwangu anaipima. Kupima maana yake kucheza. Alikuwa anasema lazima apime mpaka ipate moto. Basi ilipata moto, tukapata moto na sisi tuliokuwa tunasubiri, na yeye bado yuko kwenye vifaru. Na hajui! Nnungu wangu, yule mzee alikuwa hajui kucheza. Kifaru chake kinazunguka palepale kama kuku aliyekatwa kichwa mpaka kinapigwa. Halafu anasema, "Pedi ina tatizo." Tunambadilishia pedi. "Na hii nayo." Kinyozi jirani yangu, mteja wangu namba moja, akamwambia: "Fundi, tuite kikao, tuulize nani alikuwepo ulipokufa?" Fundi alicheka mpaka skrubu za mfukoni zikalia.

Sasa siku ya sisimizi. Msimu wa mabibo ulikuwa umepamba moto, Shangazi ana ndoo za uraka uani, mimi nina foleni mlangoni. Gemu ikagoma. Sio kugoma kwa vumbi, kugoma kwa kiburi: ukiwasha, taa nyekundu inakuja, skrini nyeusi. Adapta nzima, waya mzima, kaseti nimezisugua na shati. Nikaikumbatia nikaipeleka.

"Nani alikuwepo?"

Nilikuwa nimejifunza. Nilikuwa nimeshakuja na kinyozi na Shangazi. Fundi akatukalisha kwenye benchi, gemu iko katikati chini ya kitambaa.

Kinyozi akaapa: yeye alicheza mbio za magari, akashinda, akaondoka. Tukamwambia hajawahi kushinda. Akasema basi akashindwa, akaondoka. Mimi nikaeleza yangu. Ikafika zamu ya Shangazi, kajifunga khanga mbili, mikono kifuani.

"Mimi nauza mandazi," akasema. "Hayo mambo ya vijana siyajui."

"Hukuigusa, mama?"

"Niiguse ina nini? Ina ukwaju?"

Fundi akakifunua kitambaa taratibu. Na pale, mbele yetu wote, kutoka kwenye ule mdomo wa kuingizia kaseti, akatoka sisimizi mmoja. Akasimama, akatutazama. Nyuma yake wakafuata wenzake kwa mstari, wamebeba vitu vyao, kama watu wanaohama.

Kinyozi kaanza kutetemeka kwa kicheko. Shangazi akaangalia dari.

"Mama," Fundi akasema kwa adabu kabisa, "hawa mashahidi wanasemaje?"

"Sasa na wewe!" Shangazi akalipuka. "Si nilikuona hapa unasafisha na ya mabibo? Nikaona mtoto anahangaika, wateja wanaondoka, mimi ya mabibo ninayo ndoo nzima uani. Nikachovya kitambaa. Nikaona haifiki ndani, nikamiminia kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kata moja."

Hapo Fundi alilala kwenye benchi. Alilala kweli, amejifunika koti la kapteni usoni. Nipa ni moto mtupu, inakauka inapotea. Uraka ni sukari na maji. Shangazi aliinywesha gemu yangu ikalewa, na ikaita wageni. Ilipofunguliwa, bodi ilikuwa imegandana kama kashata.

Kuiosha kulihitaji zaidi ya kizibo. Kulihitaji chupa. Mama Tekla alikuja nayo yote, akaishika mwenyewe, anamwagia kwenye bakuli kidogo kidogo, na Fundi akaiogesha bodi ile kwa mswaki tangu saa nne asubuhi mpaka jua la mchana. Haimbi. Kaloa mpaka viwiko. Koti limerukiwa, suruali imerukiwa. Kibanda kizima kilinuka mpaka mbuzi aliyepita njiani aligeuza shingo. Sisi wengine tulitoka nje macho yanachoma. Wao wawili hawakutoka.

Na Mjomba akapita. Alikuwa anatoka shamba, fimbo begani. Alisimama mlangoni, pua ikafanya kazi yake. Hakuuliza kitu. Akasema tu, "Leo alasiri, kwangu," akaenda zake.

Mji mdogo. Nilipofika kwa Mjomba alasiri ile wazee walikuwa wameshakaa kwenye mikeka, na begi la Fundi nililiona limeegemezwa ukutani, tayari limefungwa. Yeye Fundi alikuwa amekaa pembeni kwenye kigoda, kakunja koti magotini. Tekla, binti yao, wakati ule ana miaka kama kumi, kasimama nyuma ya baba yake kamshika bega.

Nikasema nitoe ushahidi. Nikaanza habari ya sisimizi. Wazee wakaanza kucheka, na kadiri walivyocheka ndivyo nilivyoona hawaniamini. Hiyo ndo hasara ya kuwa mchekeshaji, siku una neno la kweli hujui pa kuliweka. Shangazi akasimama akakiri kata yake ya uraka mbele ya wazee, jasho linamtoka. Nilimheshimu tangu siku hiyo. Mama Tekla akafungua pindo la khanga, akauweka ufunguo kwenye mkeka mbele ya mjomba wake.

"Chupa ni yangu," akasema. "Mimi ndo nampimia. Kama kuna wa kufukuzwa, tufukuzwe wawili, na nyumba mbaki nayo."

Mjomba hakuuangalia ufunguo. Alimwangalia Fundi.

"Nkwe. Umekunywa?"

"Sikunywa, Mjomba."

"Unayo hamu?"

Sote tulijua jibu la kusema. Mtu yeyote angesema hapana, kikao kingeisha, tungeletewa muhogo. Mama Tekla alimtazama mumewe kama anamsukuma kwa macho.

"Kila siku," Fundi akasema. "Nikiamka tu. Leo ndo zaidi. Nilikuwa naosha mikono humo, nikawa nawaza nilambe vidole. Sikulamba. Lakini sitakwambia sitaki, maana ukiondoka hapa na uongo wangu, kesho sitakuwa na mtu wa kunishika."

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alikohoa kisha akaona aibu ya kukohoa. Mjomba alichora chini kwa ncha ya fimbo, halafu akasema begi lirudishwe. Akaongeza kwamba kuanzia kesho chupa itakaa kwake yeye, na Mama Tekla apumzike, maana kazi ya kumlinda mume usiku na mchana inamzeesha, naye ni mtoto wa dada yake.

Mnaona uzito wa neno lile. Na mimi niliuona. Lakini lazima niseme pia yaliyofuata, kwa sababu ni kweli. Kuanzia hapo ukitaka kusafishiwa kaseti unapita kwanza kwa Mjomba, unapiga hodi, shikamoo, marahaba, unaeleza ugonjwa, yeye anaingia ndani kupima kizibo. Na huko ndani alikuwa anachelewa. Ukifika asubuhi unapata kizibo na mzee mkavu. Ukifika mchana unapata kizibo na mzee anayetabasamu. Kinyozi aliwahi kufika jioni akapata vizibo vitatu na hadithi ya ujana wa Mjomba kule Tandahimba, yenye wanawake. Chupa ikaisha mapema mno. Fundi aliijua hesabu hiyo kuliko sisi sote na hakusema neno, ila siku moja alinikabidhi kaseti akanong'ona: "Yule mzee ana moyo. Kajitwika mzigo wangu, na anaupunguza."

Miaka ikapita hivyo. Gemu yangu ilipona, ikaumwa, ikapona, mwishowe zikaja za diski, wateja wakanikimbia, nikahamia Tandahimba kuhangaika na magunia ya korosho za watu. Spiriti ikaanza kuuzwa madukani kama sabuni. Mjomba alifariki, akazikwa na heshima zake. Kila nilipopita Newala nilimkuta Fundi kwenye kibanda, sauti yake ya pili, Mama Tekla nje anachambua kisamvu. Halafu Mama Tekla naye akatutoka. Ugonjwa wa wiki moja. Nilifika maziko, nikamwona Fundi kakaa na koti lake, hajalia, mikono anaiweka na kuiondoa magotini kama hajui inakaa wapi.

Nilipopita tena Newala, kibanda kilikuwa kimefungwa. Wakaniambia Fundi karudi kwao Masasi. Sikuuliza kwa nini. Sote tulidhani kaanza tena kunywa.

Tekla ndiye aliyenituma. Ameshakuwa mwanamke mzima, ana mume wake na mtoto, anakaa kwenye nyumba ya mama yake. Alinisimamisha barabarani akanieleza neno moja baada ya jingine, akanifanya niyarudie kama mtoto wa darasa la kwanza, ananijua. Nikapanda gari nikashuka Masasi.

Nilimkuta nyumbani kwa dada yake, amekaa kwenye baraza na simu ya mkononi imefunguliwa matumbo juu ya sinia. Amekonda. Nilimnusa kabla sijamsalimia, Mungu anisamehe. Alinuka sabuni.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umeshuka kuoga?"

"Zamu yetu ilifika."

Akacheka kidogo, akaniwekea kigoda. Dada yake, mama mmoja mnene mpole, akaniletea maji, akarudi ndani. Nikaona niseme kabla utani haujanitoroka na ujumbe.

"Tekla kanituma. Anasema rudi nyumbani."

"Ile nyumba ya mama yake."

"Kasema sasa ni ya kwake. Na anayesema nani akae ni yeye."

Akageuza kile kisimu. "Hajui."

"Hajui nini?"

"Matanga yalipoanuliwa, watu wakaondoka. Nikatoka, nikaenda nikanywa. Siku ile moja. Asubuhi nikachukua begi." Alisema taratibu kama anasoma namba za kitu. "Tulikubaliana hivyo na Mjomba."

"Mjomba kafa, Fundi!"

"Yeye kafa. Mimi nilikubali nikiwa hai."

"Hakuna mtu aliyekufukuza."

"Najua."

Ikabidi nitoe lile neno ambalo Tekla alinifanya nilirudie mara nyingi kuliko mengine.

"Tekla anajua," nikasema. "Alikukuta alfajiri ile umelala mlangoni. Alikufunika khanga akaingia kupika uji, akasema ukiamka mtanywa, mtaongea. Anasema uji ulipoiva, wewe hupo."

Mikono yake ilisimama.

"Khanga ya kijani," akasema.

"Sijui rangi. Hakunipa rangi."

"Nilikuja nayo huku. Nilidhani nilijifunika mwenyewe. Nilidhani niliichukua kwa ulevi, nguo ya marehemu. Nimeona aibu nayo muda wote huu."

Sikuwa na la kuchekesha. Nilitafuta, wallahi, nilitafuta mfukoni, kichwani, kote. Akainuka, akaiacha simu ya watu vilevile matumbo nje, kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu arudi kwetu mkavu, akaingia ndani bila kuaga. Nikabaki na sinia. Nikasema basi, nimeharibu. Nikaanza kupanga uongo wa kumwambia Tekla, uongo laini, kwamba sikumkuta, kwamba kasafiri.

Ndani nikasikia wanaongea Kimakua, sauti ya dada yake inapanda, yake inashuka. Kisha mama yule akatoka mlangoni, macho mekundu, anajifuta mikono kwenye khanga.

"Mwanangu," akaniambia, "kaka anauliza, gari la kupanda Newala linapita saa ngapi?"

Sikuwa najua hata kidogo.

"Linapita sasa hivi," nikasema.